Nyumba isiyo na chumba cha kununia

Toleo lililopita niliahidi kuwasimulia ile likizo yetu ya mwaka jana, mimi na mwenzangu, tulipoishi siku 24 ndani ya nyumba ya magurudumu. Ahadi ni deni, basi leo nalipa. Kaa mkao wa kula, maana stori ni ndefu kidogo, na ndani yake nimechomeka mambo ya kujifunza kwa yeyote anayefikiria kusafiri na mpenzi wake kwa staili hiyo.

Kwa wasomaji wapya: sisi tunaishi Houston, Texas. Mimi ni nesi, zamu zangu ni za mchana. Yeye yuko kwenye ghala la mizigo, zamu zake ni za usiku. Kwa miaka 2 tulikuwa tunapishana mlangoni kama walinzi wanaobadilishana lindo. Kitanda kimoja, lakini kila mtu na saa zake. Mazungumzo yetu yalikuwa vikaratasi kwenye mlango wa friji: "Kodi imelipwa." "Maziwa yameisha." Na tukigombana, yeye ana sebule, mimi nina chumba, na kila upande una televisheni yake. Mtu unaweza kununa wiki nzima bila kukosa tamthilia hata moja.

Nitasema ukweli, maana safu hii haina unafiki. Februari mwaka jana tulikaa mezani tukazungumzia kuachana. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Tukakubaliana jambo moja tu: tusiamue kwa haraka. Tuchukue likizo zetu zote kwa pamoja, Mei, na tukirudi ndipo kila mtu aseme la moyoni.

Wazo la trela lilikuwa lake. Mzee mmoja kazini kwao alikuwa anauza kitrela cha kulala, aina ya Scamp ya futi 13, vile vinavyotengenezwa Backus, Minnesota, tangu mwaka 1971. Ni fibaglasi tupu, maganda mawili yamekutanishwa katikati kama yai. Hizo futi 13 zinahesabu na mkono wa kuvutia, kwa hiyo ndani unabaki na urefu wa kama mita 3 na upana wa mita 2. Mchana una meza na viti, usiku unashusha meza inakuwa kitanda. Kuna jiko la gesi la plati 2, sinki ya kunawia mkono mmoja, na kifriji. Chetu hakina bafu. Tukakiita Kibanda.

Mama mkwe alipopata habari alipiga simu kutoka Morogoro. Baada ya shikamoo na marahaba, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mmefukuzwa kwenye nyumba?"

"Hapana mama, ni ya matembezi."

"Matembezi gani ya kulala barabarani na nyumba mnayo?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Ningemwambia nini, kwamba nyumba tunayo ila wenyewe hatumo?

Haya, twende kwenye mambo yenyewe.

Uzito kwanza, urembo baadaye

Kabla hujanunua wala kukodi, fungua kitabu cha gari lako usome linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi. Usimuulize muuzaji, yeye anataka kuuza. Ukishajua, hesabu uzito wa trela ikiwa na mizigo yake yote. Maji peke yake yanatosha kukuumbua, maana lita 1 ni kilo 1.

Halafu kuna jambo ambalo mimi nililijua kwa kutetemeka. Uzito wa trela lazima uegemee mbele kidogo. Kiasi cha asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote kinatakiwa kukaa kwenye kile kichwa kinachoungana na gari. Trela ya kilo 700, basi kilo 70 mpaka 105 ziwe pale mbele. Unaweza kupima kwa mizani ya bafuni, ilimradi uwe na hakika inabeba uzito huo: iweke chini ya mguu wa jeki ya mbele, trela ikiwa mahali tambarare. Vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli na mbele yake kidogo.

Sasa mimi siku ya kuondoka nilipanga vitu kama ninavyopanga stoo. Gunia la mchele la kilo 20, masufuria, maji ya kunywa, makopo ya nazi, vyote nikavisukuma nyuma kabisa chini ya kiti ili "mbele papendeze". Magharibi ya Texas barabara ya I-10 imenyooka kama rula, na kuna vipande magari yanaruhusiwa kwenda maili 80 kwa saa. Mwenzangu alikuwa kwenye 75. Lori kubwa likatupita, upepo wake ukatusukuma, na Kibanda kikaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kushoto, kila mara zaidi. Nikasikia masufuria yanagongana kule nyuma, na gari zima linavutwa kama mtu anayeshikwa kiuno kwenye ngoma.

Jambo la kufanya hapo, shika hili: toa mguu kwenye mafuta, shika usukani uelekee mbele, usikanyage breki ghafla na usijaribu kukata kona kukiwahi. Kama trela ina breki zake na una swichi ya kuziwasha kwa mkono, ziwashe taratibu. Yeye alifanya hivyo. Kikatulia, tukaegesha pembeni, tukakaa kimya kama dakika 5.

Nilisubiri anilaumu. Kwetu pale nyumbani lawama ilikuwa haikosi mwenyewe. Akashuka, akafungua nyuma, akaliona gunia. Akaniambia, "Shika upande huo, tulisogeze." Basi. Tukapanga upya vitu vyote jua likituchoma, na kuanzia hapo hatukuvuka maili 60. Tairi nyingi za trela zimeundwa kwa mwendo usiozidi maili 65, yaani kama kilomita 105 kwa saa, na California sheria yenyewe inakataza kuzidi maili 55 ukiwa unavuta. Mwendo wa pole unakula muda lakini unawapa muda wa kuongea. Tulikuwa na kilomita nyingi za kuongea.

Rivasi ni mtihani wa ndoa

Mnaojuana kwa miezi 3 mkitaka kujua kama mtaoana, msiende kwa mganga. Nendeni mkaegeshe trela kwa rivasi jioni, watu wakiwatazama.

Ukirudi nyuma na trela, usukani unakuwa mkaidi: ukikata kulia, mkia unakwenda kushoto. Dawa ni hii. Weka mkono wako chini kabisa ya usukani, pale kwenye namba 6 ya saa. Unapotaka mkia wa trela uende, peleka mkono huko huko. Nenda polepole, kata kidogo kidogo, na ukiona imekunjika sana, vuta mbele unyooshe uanze upya. Hakuna aibu kuanza upya. Hapo nazungumzia trela.

Anayeelekeza naye ana kazi yake. Usiku wetu wa kwanza mimi nilisimama nyuma nikipiga kelele, "Kushoto! Kushoto!" Naye anauliza, "Kushoto kwako au kwangu?" Mimi namtazama uso, kushoto kwangu ni kulia kwake. Mara ya nne nikatupa tochi nikaenda zangu chooni kulia. Kesho yake tukaweka sheria tatu:

1. Hatusemi kushoto wala kulia. Tunasema "upande wa dereva" na "upande wa abiria".
2. Dereva akiwa haoni sura ya mwelekezaji kwenye kioo cha pembeni, anasimama. Hakuna mjadala.
3. Tunaongea kwa simu, sauti ya kawaida. Mtu akipayuka akiwa mita 10, hata akisema "nakupenda" inasikika kama tusi.

Sheria hiyo ya tatu tumerudi nayo nyumbani.

Kuunga na kufungua: kila mtu na kazi yake

Baadhi ya ajali ndogo ndogo za trela zinatokana na mtu kudhani mwenzake ameshafanya. Kwa hiyo gaweni kazi, na kila siku mtu afanye ile ile. Kwetu mimi nilikuwa wa ndani: kufunga madirisha na tundu la juu, kubana mlango wa friji, kufunga gesi kwenye mtungi, kuteremsha kila kinachoweza kuruka. Yeye wa nje: kichwa kimekaa sawa kwenye lile tufe la chuma na pini imeingia, minyororo ya usalama imepishana msalaba chini ya mkono wa trela, waya wa taa umechomekwa, jeki imepandishwa. Halafu tunabadilishana: mimi nakagua ya nje, yeye ya ndani. Hapo hakuna kukasirika eti "huniamini". Ukaguzi si dharau.

Mkifika, weka kabari kwenye magurudumu KABLA ya kufungua trela kwenye gari. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Kisha chukua pimamaji ya fundi, weka sakafuni, sawazisha upande kwa upande kwa vipande vya mbao chini ya tairi. Vijifriji vingi vya trela vinavyotumia gesi havipoozi vizuri vikiinama, na hata wewe ukilala kichwa chini utaamka umevurugwa. Ile miguu ya pembeni ya kukunjua ni ya kuzuia mtikisiko tu, usiitumie kuinulia trela.

Na baada ya kilomita 100 za mwanzo, hasa kama tairi zilitolewa karibuni, simama ukaze nati.

Mmoja asimame, mmoja akae

Mita 3 kwa 2 ni ndogo kuliko chumba chako cha chuo. Siku 3 za kwanza tuligongana vichwa, viwiko, na maneno. Dawa tuliyogundua ni kama kivuko: akisimama mmoja, mwingine anakaa. Anayepika ana njia yote. Asubuhi mmoja anatoka nje na kikombe chake, mwingine anakunja kitanda na kuvaa. Kisha zamu inageuka.

Mizigo: kila mtu begi moja, laini, si sanduku gumu. Sanduku likishakuwa tupu bado linakula nafasi ile ile. Chukua kanga za kutosha. Kanga ni taulo, shuka, pazia, kitambaa cha meza na vazi la kuendea bafu la kambi, na inakauka kabla chai haijachemka. Kila kitu kiwe na mahali pake. Tochi ilale pale pale kila usiku, na funguo zining'inie msumari ule ule. Kwenye nyumba kubwa, kitu kikipotea unakitafuta kimya kimya. Kwenye Kibanda lazima umwinue mwenzako usingizini kwanza.

Maji ya kopo, jamani

Tangi letu la maji safi ni la lita 45. Wenyeji tuliokutana nao njiani walitushangaa tulivyoyafikisha siku 3. Sisi tuliokulia kwenye mgao wa maji Dar, ndoo moja familia nzima, tuna digrii ya mambo haya. Oga kwa kopo na beseni. Futa sahani kwa karatasi kabla ya kuosha, kisha tumia maji kiduchu ya moto. Fungua bomba, funga, sugua, fungua tena. Usisafiri na tangi limejaa kama mbele kuna maji, unabeba mzigo bure. Na uwe na mipira miwili ya maji isiyofanana rangi: mmoja wa maji ya kunywa, mwingine wa kusafishia uchafu. Isikutane hata kwenye boksi.

Tukifika kwenye uchafu, tusioneane haya. Choo chetu kilikuwa cha kubebeka, chenye kidumu chini. Kidumu kinajaa, na hakijimwagi. Kinamwagwa kwenye kituo maalumu cha maji taka tu, kilichopo kwenye kambi nyingi, si porini wala kwenye mtaro wa mvua. Vaa glavu. Kazi hii lazima iwe ya zamu, bila kutazama nani mwanaume, nani mwanamke, nani kasomea unesi. Zamu yake ya kwanza alikwenda amevaa miwani ya jua na kofia kama mtu anayekimbia polisi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikagundua kwamba sikumbuki mara ya mwisho alinichekesha lini.

Hewa: hapa hakuna utani

Nyumbani tumezika watu kwa sababu ya jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa baridi. Gesi ile, kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na inamkuta mtu usingizini. Trela ni chumba kidogo kuliko chumba chochote, kwa hiyo sumu inajaa haraka. Usiingize jiko la mkaa ndani, hata likiwa limebaki majivu yenye joto. Usitumie jiko la kupikia kupashia chumba joto. Nunua kengele ya kaboni monoksaidi na ya gesi ya mtungi, zijaribu kabla ya safari. Ile ya gesi ya mtungi inafungwa chini karibu na sakafu, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatambaa chini.

Hata bila moto, acha dirisha wazi upana wa vidole viwili na tundu la juu wazi kidogo, hata kukiwa na baridi. Watu wawili wakipumua usiku kucha, asubuhi kuta zinatoa jasho kama chupa ya soda. Zifute, inua godoro lipate hewa, la sivyo wiki ya pili utakuta ukungu chini yake.

Kwenye mapishi ushauri wangu ni mfupi: usikaange dagaa ndani. Narudia, usikaange dagaa ndani. Mto wangu ulinukia Mwanza siku 4. Maharage chemsha nyumbani ugandishe kwenye vifurushi, chapati pika nyumbani ubebe, njiani iwe wali, mayai, mboga. Vya kukaanga viende nje kwenye jiko la kando, upepo uamue nani wa kumnukisha.

Pa kulala na saa za kulala

Marekani kuna ardhi kubwa ya umma huko magharibi, chini ya idara iitwayo BLM, ambako sehemu nyingi unaruhusiwa kupiga kambi bure, kwa kawaida mpaka siku 14 ndani ya siku 28. Hakuna maji, hakuna choo, hakuna taa, ni wewe na nyota. Kambi za ndani ya hifadhi maarufu zinahitaji kuwahi. Ile ya Mather, Grand Canyon, huanza kupokea maombi miezi 6 kabla, haina umeme wala maji ya kuunga kwenye trela, na gari pamoja na trela visizidi futi 30. Kitrela kidogo hapo ndipo kinapowacheka mabasi.

Angalizo la saa: Arizona haisogezi saa majira ya joto, lakini Utah inasogeza, na eneo la Wanavajo lililo ndani ya Arizona nalo linasogeza. Asubuhi moja karibu na Page simu yake ilisema saa 3, yangu saa 4. Tulibishana kilomita 20, kila mtu akitetea simu yake. Kumbe wote tulikuwa sahihi, kila simu ilikuwa imeshika mnara wake. Wapenzi wasomaji, hilo nalitafakari mpaka leo.

Usiku wa 17

Sasa niwape kile kilichonifanya niandike.

Tulikuwa hapo hapo Mather. Mchana tumelitazama lile korongo mpaka maneno yakaisha. Jioni nakata vitunguu, yeye nje anaongea na simu. Akaingia akasema kazini wana upungufu wa watu, wanalipa saa za ziada, amewaambia tutarudi siku 4 kabla.

"Umewaambia?" nikauliza. "Umewaambia, halafu ndiyo unaniambia?"

Nilisema yote. Ya miaka 2 yote, vikaratasi vyote vya kwenye friji. Yeye akajibu yake, na mengine yalikuwa kweli. Kisha tukafanya kile tulichozoea: kila mtu akageuka atafute chumba chake cha kununia. Mimi nikageuka, uso ukagota kwenye kabati. Yeye akageuka, akakutana na mlango. Akatoka akaenda kukaa kwenye gari.

Pale kwenye ukingo wa kusini ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Mei unaweza kushuka karibu na kuganda. Nikazima jiko, nikakaa nikitazama vitunguu. Ikapita nusu saa. Nikasikia hatua kwenye changarawe, zikasimama mlangoni. Mlango ulikuwa haujafungwa. Angeweza kuusukuma tu.

"Hodi," akasema.

Nilishika mdomo. Mume wangu anabisha hodi kwenye nyumba yake, nyumba ya mita 3. Na mimi nikajikuta nauliza moyoni, ni lini mara ya mwisho nilimwambia huyu mtu karibu?

"Karibu," nikasema.

Akaingia anatetemeka. Nikasogea, kwa kuwa ukikaa mmoja lazima umpishe mwingine. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Sikuwa nafuata hela. Naogopa siku ya 24. Nilitaka ije upesi nijue hukumu yangu, kuliko kuihesabu kila usiku."

Tulikula wali na vitunguu vibichi saa 6 za usiku. Tuliongea mpaka kukapambazuka, na si yote yalikuwa matamu. Asubuhi alipiga simu akawaambia kazini hatarudi mapema.

Mtaniuliza, mliporudi mkaamuaje? Hatukuamua milele, tuliamua mwaka mmoja. Yeye aliomba zamu ya mchana. Inalipa kidogo, na mfuko unasikia. Televisheni ya chumbani tuliiuza. Tunagombana bado, tena wiki iliyopita tu kuhusu nani aliacha lango wazi. Ila sasa yeyote anayetoka amekasirika akirudi anabisha hodi, na aliyebaki ndani lazima ajibu karibu, hata kwa meno ya kubana. Mwaka wenyewe umeshaisha mwezi uliopita. Tukauongeza.

Kabla hujakimbilia kununua

Kodi kwanza, siku 2 au 3, karibu na nyumbani, mahali ambapo mkishindwa mnarudi kwa aibu ndogo. Jizoezeni rivasi kwenye uwanja mtupu. Andikeni orodha ya kuunga na kufungua mbandike mlangoni. Kubalianeni bajeti ya mafuta mapema, maana gari linalovuta linakunywa. Na kabla ya safari kila mtu amwambie mwenzake kitu kimoja anachohitaji ili asichanganyikiwe. Mimi ni dakika 20 za chai bila kuongeleshwa. Yeye ni kujua leo tunalala wapi.

Na wewe shosti uliyeko Sinza na mumeo kwenye chumba kimoja na sebule ya kuazima, usidhani stori hii haikuhusu. Wewe trela unayo tayari, imekosa magurudumu tu. Akisimama yeye, kaa. Maji yakiwa ndoo moja, gawaneni. Mkigombana na hakuna pa kwenda, shukuruni kwamba hakuna pa kwenda.

Mwezi ujao nitaongelea fedha za pamoja: akaunti moja au mbili? Andaeni maswali yenu. Mpaka hapo, pendaneni, na mlango ukigongwa itikieni.